Pombe ya Jirani Kwenye Kaseti Yangu

Ningeiacha ile kahawa iwe kahawa kama nilivyoikuta, leo jirani yangu angekuwa anaitikia shikamoo yangu. Lakini nilijifanya fundi. Nilikuta kwenye kitabu mwanamke wa nchi za baridi anampa mgeni kikombe cha kahawa, nikajisemea watu wa Sumbawanga kahawa wataionea wapi uchungu, nikaigeuza pombe ya ulezi. Na kwa kuwa sipendi kazi nusunusu, nikambadilishia mwanamke yule nyumba, nikampa mlango wa bluu, magogo ya kukalia wateja, na mbuzi wa pembe moja aliyefungwa kwenye mpera. Kisha nikauimba wimbo huo, nikaurekodi, nikaupeleka sokoni. Ujinga wenyewe ni kwamba mlango, magogo na mbuzi vyote vilikuwa vya jirani yangu pale Izia, na sikuligundua hilo mpaka mji mzima ulipokuwa umeshaligundua.

Utauliza mtu mzima anawezaje kuimba nyumba ya jirani asijue. Swali zuri, na mke wangu aliniuliza kwa maneno makali zaidi. Jibu ni kwamba mimi sitoki. Nilikuwa fundi redio, na uzuri wa kazi hiyo ni kwamba redio huletwa. Meza yangu ilikaa mbele ya dirisha, na dirisha lilitazama uani kwa jirani. Mtu anayetembea ana nyua nyingi kichwani. Akitunga, atachukua mlango wa huku na mbuzi wa kule. Mimi nilikuwa na ua mmoja. Nilikuwa nimeutazama miaka mingi huku nimeshika bisibisi, ukaniingia hadi nikadhani nimeubuni mwenyewe. Mke wangu alikuwa akisema nikifa leo, watu watauliza ni mpangaji gani huyo, na mbona hawakumwona akihamia.

Kabla ya hapo nilikuwa kwenye bendi. Tulipiga rumba kwenye baa mjini, na mara kwa mara tulipanda lori kwenda Laela au Namanyere, juu ya magunia ya mahindi, magitaa yamefungwa mablanketi na sisi hatujafungwa chochote. Nasikia wanamuziki wakubwa huacha bendi kwa kugombania sanaa. Mimi niliacha kwa sababu ya lori. Kiongozi wetu, mpiga besi, mtu wa Mollo mwenye mikono mipana na maneno membamba, hakunibembeleza.

"Nenda tu," alisema. "Gitaa lako tulikuwa tunalipunguza sauti kila ukigeuka."

"Nitatoa kaseti yangu mwenyewe, peke yangu."

"Peke yako ndiyo sawa. Na msikilizaji naye awe peke yake."

Wenzake wakacheka. Nikatoka na gitaa langu, na kuanzia siku hiyo nikawa na adui mwenye nafasi ya kunifuatilia.

Zilikuwa siku za mwanzo za ruksa. Maduka tuliyoyazoea yakiwa na viberiti na vumbi yalianza kujaa. Redio kaseti zilivuka kutoka upande wa Zambia, kaseti tupu zikawa zinapatikana kama njugu, betri zikawa za rangi zote ingawa nyingi zilivuja kabla ya kuwasha chochote, na nguo za mitumba zikamwagwa chini sokoni, kila mtu akainama. Mwenye deki ya kuingiza kaseti mbili alijiita studio, na hakuna aliyemuuliza kibali. Mtu kama mimi, ambaye zamani ningehitaji bendi, safari na lori ili nisikike, sasa ningeweza kusikika bila kuvaa viatu.

Muziki nilioutaka ulikuwa roki. Niliuonja nikiwa sekondari, kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa na kaseti za magitaa yanayolia kama msumeno unaokata bati. Wenzangu waliziba masikio. Mimi nilijiona nimepata ndugu. Kwenye bendi sauti ile haikutakiwa, lakini nyumbani nilikuwa na redio moja ya mteja ambayo spika yake ilitafunwa na panya. Siku moja nilichomeka gitaa humo kujaribu waya, nikasikia ule mlio wa mwalimu, wenye makwaruzo yake yote. Mteja aliporudi kuuliza redio yake nilimwambia bado nasubiri spea. Nilisubiri hadi akachoka kuuliza.

Kitabu nacho kilikuja na koti. Mwezi wa sita baridi ya kwetu haina mzaha, nikamtuma mke wangu mitumbani, akaniletea koti zito la kijivu, na kwenye mfuko wa ndani mlikuwa na riwaya ya Kiingereza isiyo na jalada, na kurasa za mwisho hazimo. Niliisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, yaani polepole, nikirudia pale ambapo mtu amekwisha kufa na mimi bado nadhani amelala. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwanamke mwenye mgahawa karibu na stesheni ya reli. Mgeni anaingia, anapewa kahawa, anasinzia kwenye benchi, haamki tena. Sehemu yote iliyobaki, watu wa mji ule mmoja baada ya mwingine wanaeleza walichoona, na kila mmoja anadanganya kidogo. Mwishoni mwanamke anafungua mdomo ili aseme lake. Hapo ndipo kurasa zilipochanika.

Sijawahi kupendezwa na kitu kama kile. Niliamua kaseti yangu yote iwe ya kitabu kile, kila mtu wa stesheni apate wimbo wake, na wa mwisho uwe wa mwanamke, nao uishie hewani kama kilivyoishia kitabu.

"Ulisoma mpaka kidato cha nne," mke wangu alisema, "ili uje uimbe kitabu kisicho na mwisho, kwa redio iliyoliwa na panya."

"Hiyo ndiyo sanaa."

"Mimi nilidhani ni umaskini."

Nilirekodi mchana kabla ya Krismasi, kwa betri nilizozianika juani kwanza, na blanketi nimelitundika mlangoni. Ukisikiliza vizuri utasikia kuku. Nyimbo za wale watu wengine zilikwenda harakaharaka, lakini ule wa mwanamke ulinisumbua. Kitabu kilisema tu kwamba baada ya kumpa mgeni kahawa, mwanamke hakuketi naye. Kwa wenzetu huko labda hiyo inatisha. Huku jirani asipoketi nawe unashukuru. Nikafikiri, kwetu ni kitu gani ambacho mwenye nyumba asipokifanya, nywele zinasimama? Ndipo likanijia. Mtu yeyote wa huku kwetu Ufipa anajua kwamba mwenye pombe huonja kwanza. Anachota kwa kata, anakunywa kidogo mbele yako, ndipo anakupa, na wewe unakunywa moyo wako umetulia kwamba hakutia kitu. Nikaandika: alimpa kata, yeye hakuonja. Nilifurahi hadi nikatoka nje nikazunguka nyumba, jambo lililomshtua mke wangu.

Pale sokoni palikuwa na kijana mwenye deki na spika mbili kubwa zilizotazama barabara. Akaiweka kaseti, akasikiliza, uso ukamkunjamana.

"Mshikaji, spika yako imekufa."

"Ndivyo inavyotakiwa kulia."

"Inatakiwa na nani?"

Aliniwekea nakala chache kwenye kona kwa huruma. Akiipiga, wateja walimwambia azime, inaumiza meno. Mama mmoja alimuuliza kama duka lina moto. Haya yote alinieleza baadaye, bila kunipunguzia hata neno, na akanieleza pia jinsi kiongozi wangu wa zamani alivyokuja akaomba kusikiliza. Alikuja kucheka. Alicheka upande wa kwanza wote, akawaita na wapita njia wacheke naye. Upande wa pili, kwenye wimbo wa mwanamke, akaacha kucheka, akataka urudishwe nyuma.

"Mlango wa bluu," alisema. "Mpera. Mbuzi wa pembe moja. Huyu si yule mama wa pombe wa Izia?"

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Kwetu wimbo si mahali pa kuweka watu wa kubuni. Watu wanapoitana kulima, jioni wakiisha kunywa, ndipo nyimbo zinapoanza, na kila wimbo una mwenyewe. Anayeimbwa yumo humo humo, ameshika kata, anajifanya hasikii. Mambo ambayo mwaka mzima hayakusemeka kwenye kikao yanasemwa kwa kuimbwa, na hakuna anayeulizwa ushahidi. Mtu akiimba mwanamke asiyeonja pombe yake, basi huyo mwanamke yupo na ana anwani.

Na mwezi wa kwanza mzee mmoja aliyekuwa mteja wa jirani alikuwa amekunywa pale uani, akarudi nyumbani kwake kulala, na baada ya siku kadhaa akafa. Alikuwa na kifua tangu kipupwe, alikohoa kanisani hadi padri akawa anamngoja. Alipozikwa hakuna aliyesema neno. Kaseti ilipotoka, kila mtu akakumbuka kitu. Mmoja alikumbuka kwamba siku ile jirani alikuwa na haraka. Mwingine alikumbuka kata ilikuwa mpya.

Kaseti ikaanza kuuzika. Yule kijana wa deki akatuma mtu aniambie ziongezwe, zinakwenda hadi Mollo, hadi kwa wafugaji walioingia na ng'ombe wao kutoka huko kaskazini. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri roki imeeleweka. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, humo humo ndani, kutoka mezani hadi kitandani.

Halafu mke wangu akarudi kutoka bombani, ndoo haijajaa.

"Wanawake wamenyamaza nilipofika," alisema. "Mmoja ameniuliza kama uliona kwa macho yako."

"Niliona nini?"

"Jirani akitia."

"Akitia nini, wapi?"

Alinishika bega akanigeuza, akanielekeza dirishani. Pale mpera. Pale mlango. Mbuzi alikuwa anatafuna ganda la pera ananitazama, na pembe yake ni moja. Nilikaa chini. Nikasema labda hakuna aliyehusianisha. Mke wangu akaniambia nitazame magogo. Ilikuwa siku ya pombe, na magogo yalikuwa matupu. Jioni yake nilimwona jirani akibeba vyungu, kimoja baada ya kingine, akimwagia nguruwe.

Lakini wateja wa uani hawakuwa shida yake kubwa. Alikuwa mjane, mabinti zake wameolewa, mmoja Kaoze na wengine mbali zaidi. Shamba lake la ulezi lilikuwa Mollo, na kwetu shamba la ulezi huanza kwa nyasi. Mvua zikiwa bado zipo na nyasi zimefika kifuani, unalima matuta ya duara, unazifukia nyasi humo zioze, ndipo mwaka unaofuata ardhi inakupa kitu. Mvua zikikatika kabla hujafukia, udongo unakuwa tofali na mwaka wako umekwenda. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Unapika pombe, unaita watu, wanalima kutwa na kunywa jioni. Yeye pombe angepika. Nani angeinywa? Na bila wa kuinywa, nani angelima?

Alikuja kwangu asubuhi, nikiwa nimefungua tumbo la redio.

"Shikamoo mama."

Aliiacha shikamoo yangu hapo ilipoangukia. Hakuketi.

"Huyo mwanamke wa kwenye kaseti ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni wa kitabuni."

"Kitabu kimeonaje mbuzi wangu?"

Nikakileta kitabu. Sijui nilitegemea kingenitetea vipi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza upande huu na upande huu, akakifungua katikati.

"Nionyeshe nilipo."

"Wewe humo, mama. Humu kuna kahawa tu. Na reli."

"Kumbe simo. Basi aliyeniweka ni wewe."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na nilijua kabisa hakuwa upande wangu.

"Na mwisho wake ikawaje?" jirani akauliza. "Alimuua, hakumuua?"

"Sijui. Kurasa za mwisho hazikuwemo."

Alinitazama kama mtu anayetazama redio na kujiuliza kama inafaa kutengenezwa.

"Yaani umenitia kwenye maneno ambayo hata wewe hujui yanaishia wapi."

"Nitalirekebisha, mama. Nitatoa wimbo mwingine."

"Toa," alisema. "Mvua haikungoji."

Nikautoa. Nilirekodi siku ile ile, gitaa na ile spika ya panya, mwanamke anaonja kata mbele ya watu wote, mgeni anakufa kwa kifua chake mwenyewe, kila kitu peupe. Ulikuwa wimbo mbaya. Hata kuku walinyamaza. Nikaupeleka sokoni mwenyewe, kwa miguu yangu, ili uzito wa jambo uonekane. Kijana wa deki akausikiliza nusu.

"Mshikaji, huu hautoki. Watu wanataka ule wa sumu."

"Hakuna sumu. Ni hadithi."

Kiongozi wangu wa zamani alikuwa ameegemea kibanda cha pembeni, anakula muwa.

"Mmesikia?" akawaambia waliokuwepo. "Kwanza anasema ameona. Sasa anasema hajaona. Mwenye pombe amekwenda kumtembelea asubuhi, mchana fundi amebadilisha wimbo. Mtu ametishwa huyu. Tazama macho yake."

Wakanitazama macho. Nikawaambia wimbo wa kwanza niliurekodi kabla ya Krismasi, yule mzee akiwa mzima anatembea. Nilidhani hapo nimewamaliza. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Kumbe alijua mapema," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefanikiwa kuwa mshiriki wa mauaji. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kwa jirani, wakakaa jikoni muda mrefu bila mimi. Aliporudi alikuwa na hukumu tayari.

"Atapika. Ataita watu Mollo. Siku hiyo hataonja yeye, utaonja wewe. Kila chungu. Halafu utalima kutwa wakuone mzima."

"Mimi nina vidonda vya tumbo."

"Huna. Una uvivu."

"Na wasipokuja?"

"Watakuja. Hakuna atakayekosa kuja kukuona unakufa."

Nilikwenda Mollo alfajiri, jembe la mke wangu begani, sikula kitu kwa hofu. Huo ulikuwa ujinga wa pili, ila mdogo. Watu walikuwepo. Mke wangu hakukosea: walikuwa wamekaa pembeni mwa shamba kwenye umande, majembe yamelala, wamejipanga kama kwenye mpira. Kiongozi wangu wa zamani alikuwa mbele, ametandika gunia. Nyasi zilisimama shamba zima, mbichi, na juu yake anga safi ambalo mkulima hapendi kuliona mwezi wa tatu.

Jirani aliteremsha vyungu. Akakoroga, akachota kata, na watu wote wakanyoosha shingo kuona kama ataipeleka mdomoni. Hakuipeleka. Akanigeukia mimi.

"Huyu ndiye anayeijua pombe yangu," alisema. "Aanze."

Nikanywa. Ilikuwa ya vuguvugu, chachu, nzito, na ilishuka kwenye tumbo tupu kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

"Maliza," alisema.

Nikamaliza.

"Vyungu viko vitatu," kiongozi akakumbusha kutoka kwenye gunia lake. "Mjanja anatia kimoja tu."

Nikanywa cha pili, na cha tatu. Watu wakangoja. Nikajifuta mdomo. Wakaendelea kungoja.

"Nyingine huchelewa," mtu akasema. "Tukae mpaka jua lipande."

"Wanaokaa wakae," jirani akasema. "Wewe lima."

Nikaanza. Kwanza unakata nyasi na udongo wake, unaukunja ndani, unapandisha mwingine juu, mpaka tuta linasimama duara na nyasi zote zimo tumboni. Kwa maneno ni rahisi. Mimi nilikuwa na mikono ya kushika bisibisi na kichwa chenye kata tatu. Tuta la kwanza lilikaa upande. La pili nikalikosa, jembe likapita karibu na kidole cha mguu. Jirani alilima pembeni yangu, haraka, bila kunitazama, ananena chini chini.

"Usikae."

"Nina kizunguzungu, mama."

"Uwe nacho. Ukianguka kwako jioni ni shauri la mkeo. Ukianguka hapa mimi nimekwisha, na hili shamba limekwisha."

Ndipo nikaelewa vizuri mahali nilipo. Hakuna mtu aliyekuwa anasikiliza neno langu tena, wala kitabu, wala wimbo huu wala ule. Kilichobaki cha kumtetea ni miguu yangu. Nikiyumba, wanaguna. Nikiinama sana, wanasimama waone kama nitanyanyuka. Nilipokohoa kwa sababu ya mdudu, nusu yao walisogea.

"Anayumba," kiongozi akatangaza.

"Anayumba kwa sababu hajawahi kushika jembe," akajibu mama mmoja. "Muone anavyolishika, kama ufagio wa bibi harusi."

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kunikata, lakini kwa mara ya kwanza kilikuwa cha kunicheka mimi na si cha kumwogopa yeye. Nikayumba tena kidogo, kwa makusudi. Wakacheka tena.

Jua likapanda. Umande ukakauka na vyungu vikaanza kunukia. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mwisho kabisa akasimama akachukua jembe lake.

"Mimi nina kiu," alisema. "Kama ni kufa, fundi atanitangulia nimwone."

"Redio yangu iko kwake," mwingine akasema, akasimama naye. "Akifa sijui nitaidai kwa nani. Bora nimlinde."

Wakaingia shambani mmoja mmoja, kwa uvivu na kwa matusi, kila mtu akijifanya hajaingia kwa sababu ya kumwamini mwenye shamba. Hakuna aliyemsalimu. Walilima wakiwa wamempa mgongo. Lakini nyasi zilikuwa zinalala na matuta yalikuwa yanasimama, mstari baada ya mstari, na jirani alikuwa anapita katikati yao, anahesabu kwa macho ardhi iliyobaki na kutazama anga.

Kiongozi wangu ndiye aliyekuwa wa mwisho kubaki kwenye gunia. Kukaa peke yako huku wenzako wanalima, na jioni wanywe wakutazame, ni aibu ambayo hata yeye hakuiweza. Akaingia, akachagua mstari ulio karibu na wangu, akawa kila akirusha bonge la udongo linanipata ugokoni.

"Sijaja kwa ajili yako," alisema.

"Najua."

"Na kaseti yako bado ni takataka."

"Najua hilo pia."

"Rumba ungepiga vizuri tu. Ulikuwa mvivu."

Nikaendelea kulima, kwa kuwa pumzi ya kubishana sikuwa nayo.

Jua lilipoanza kulala, shamba lote lilikuwa limegeuka matuta, isipokuwa kipande kidogo upande wa kijito. Watu wakakusanyika kwenye vyungu. Hapo bado walisita. Jirani akachota kata, akaishika, wakaitazama. Nikaipokea nikanywa mbele yao kwa mara ya nne, na safari hii nilikuwa na njaa na malengelenge hadi ilikuwa tamu. Wakanywa. Hawakumshukuru. Walikunywa kama watu wanaochukua chao, na kila chungu kilipofunguliwa walinipigia kelele, "Fundi, onja," wakicheka. Mmoja akaanza wimbo. Nilikaza masikio. Ulikuwa unanihusu mimi, jembe langu na makalio yangu. Jirani alikuwa anafunga vifuniko. Sikumwona akicheka, lakini sikumwona akimwagia nguruwe pia.

Walipoondoka nilibaki kumsaidia kukusanya vyungu, kwa kuwa mke wangu aliniagiza hivyo na kwa kuwa miguu ilikataa kwenda. Jirani alikuwa anatembea kwenye mistari, anakagua. Akafika kwenye wangu. Matuta ya wenzangu yalisimama duara, yangu yalikuwa yamelala hovyo, na nyasi zimetoka nje kama shati lisilochomekwa. Alilipiga moja teke kidogo. Likafunguka lote.

"Mama," nikasema, "nadhani sasa yamekwisha."

Alilitazama tuta, akanitazama mimi, akanitazama mikono.

"Hapa ulipolima wewe patarudiwa kesho, na atakayerudia ni wewe," alisema. "Na kama gitaa nalo unapiga hivi, sishangai watu walisikiliza maneno tu."